Mtoto Amebabuka Makalio kwa Pampasi: Mwongozo Kamili wa Kumtibu Nyumbani, na Wakati wa Kumpeleka Hospitali

Ukifungua pampasi ukakuta makalio ya mtoto yamebabuka, ngozi inang'aa kwa majimaji na mtoto anapiga kelele kila mkojo unapomgusa, usipake kitu kwanza. Najua mkono unakimbilia tyubu. Jirani anayo moja, duka la dawa la mtaani linazo nyingi, na bibi ana kichupa chake kabatini. Subiri. Kinachotakiwa dakika hizo za mwanzo ni maji safi ya uvuguvugu, hewa, na macho yako. Dawa inakuja baada ya kujua unatibu nini, kwa sababu kinachoponya mchubuko wa mkojo hakiponyi fangasi, na ile tyubu inayopendwa sana madukani kwetu Dar es Salaam kwa yote mawili inaweza kumwumiza mtoto zaidi.

Mwongozo huu ni wa hali iliyokwisha kuwa mbaya: ngozi iliyochubuka, vidonda vidogo, maumivu, mtoto hataki hata kukalishwa. Kama hajatimiza miezi 2 na ana homa au vipele vya usaha, usianze na hatua hizi. Soma sehemu ya mwisho, kisha mbebe mtoto mwende kituo cha afya leo hii.

Kinachoiunguza ngozi

Mkojo peke yake hauna ukali mkubwa. Shida inaanza unapokaa pamoja na kinyesi. Bakteria waliomo kwenye kinyesi huvunja urea ya mkojo ikawa amonia, ile harufu inayokupiga puani ukifungua pampasi ya usiku kucha. Ngozi ya mtoto ina uasidi kidogo ambao ndio kinga yake, amonia inauondoa. Hapo vimeng'enya vilivyotoka tumboni pamoja na choo, ambavyo kazi yake ilikuwa kumeng'enya protini na mafuta ya chakula, vinapata nguvu ya kushambulia ngozi yenyewe. Na kwa kuwa ngozi hiyo imeshalowa na kulainika, msuguano mdogo tu wa pampasi unaichuna.

Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini mtoto anayeharisha anaweza kubabuka ndani ya siku moja: choo chake kimepita haraka tumboni na kinatoka na vimeng'enya vingi. Utaelewa pia kwa nini mtoto anayenyonya tu huwa na nafuu, kisha mambo yakaharibika akishaanza uji na vyakula vingine, hasa kati ya miezi 9 na 12.

Halafu kuna jiji letu. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la Dar na unyevunyevu wa bahari havimpi mtoto nafasi ya kukauka hata akiwa mtupu, sembuse akiwa amefungwa plastiki. Masika yakiingia, nepi za kitambaa hazikauki kambani, tunamvika zikiwa na ubichi. Foleni nayo ina mchango wake: mtoto aliyevalishwa pampasi asubuhi Mbagala akafika Kariakoo, akasubiri, akarudi, anaweza kuwa amekaa na pampasi ile ile kwa muda wa saa 5.

Mlaze penye mwanga umwangalie

Mlaze karibu na dirisha, mchana. Maelezo mengi yanazungumzia wekundu, na picha zake nyingi ni za watoto weupe. Ngozi yetu nyeusi mara nyingi haiwi nyekundu hivyo. Inakuwa kahawia iliyokolea, zambarau, kijivu, au nyeusi inayong'aa, na wekundu wenyewe unauona pale tu ilipochubuka. Kwa hiyo tumia na mkono: pitisha mgongo wa vidole juu juu usikie palipo na joto na palipovimba kuliko ngozi ya pembeni.

Sasa tanua taratibu makunjo ya mapaja na kinena. Hapa ndipo utakapopata jibu lako kubwa. Mchubuko wa mkojo na kinyesi hushika sehemu zilizotokeza, zile zinazogusana na pampasi: makalio, sehemu za siri kwa nje, tumbo la chini, juu ya mapaja. Ndani ya makunjo ngozi inabaki salama au karibu salama. Fangasi ni kinyume chake. Wanaingia kwenye makunjo hasa, wanatengeneza doa kubwa lililokolea lenye kingo zinazoonekana wazi, na nje ya kingo hizo utaona vipele vidogo vilivyotawanyika. Ukiona hivyo, fungua na mdomo wa mtoto. Utando mweupe ulimini au ndani ya mashavu ambao haufutiki kirahisi kwa kitambaa laini unathibitisha shaka yako. Kumbuka pia kama mtoto amemaliza antibayotiki karibuni, au wewe mama unayenyonyesha umezitumia, kwa sababu zinaua bakteria wanaowazuia fangasi. Na hata mchubuko wa kawaida, ukipita siku 3 haujapoa, mara nyingi fangasi wameshauvamia.

Kuna la tatu. Malengelenge yenye usaha, magamba ya rangi ya asali, au pete nyekundu kali inayozunguka njia ya haja kubwa huku mtoto akijizuia kwenda choo kwa maumivu: hao ni bakteria. Huyu hatibiwi kwa kupaka zinki nyumbani. Anahitaji kuonwa na tabibu, na akiandikiwa antibayotiki amalize dozi.

Piga picha kwa simu yako kabla ya kuanza, na moja kila asubuhi kwenye mwanga ule ule. Ukimwona mtoto kila baada ya saa 2 huwezi kujua kama anapona, picha itakuambia. Ila picha hizo zibaki kwako na kwa mhudumu wa afya tu. Usizitume kwenye magrupu ya WhatsApp kuomba ushauri. Ni mwili wa mtoto wako.

Hatua ya kwanza: osha bila kusugua

Nawa mikono kwa sabuni. Andaa beseni safi la mtoto, lisiwe lile la kufulia, lenye maji ya uvuguvugu. Jaribu kwa ndani ya mkono wako. Usisikie moto wala baridi. Kama maji yenu ni ya kisima na huna uhakika nayo, yachemshe kisha yapoe. Kisima chenye maji ya chumvi kina shida yake: sabuni haitoi povu na haitoki vizuri kwenye ngozi wala kwenye nguo. Ukiweza kupata ndoo moja ya maji yasiyo na chumvi, ihifadhi kwa makalio ya mtoto na kwa suuza ya mwisho ya nepi zake.

Mkalishe kwenye maji hayo dakika 5 hadi 10, au mmiminie kwa kikombe polepole. Maji yafanye kazi, si mkono wako. Kinyesi kilichogandia, kilainishe kwa pamba yenye mafuta mepesi yasiyo na manukato, kisha kifute kwa upole. Sabuni si ya kila mara; mtoto akikojoa tu, maji yanatosha. Akinya, tumia sabuni kidogo isiyo na harufu na uisuuze yote. Mtoto wa kike mfute kutoka mbele kwenda nyuma. Wa kiume usimvute ngozi ya mbele.

Waipsi ziweke pembeni mpaka apone. Nyingi zina manukato, nyingine zina spiriti, na kwenye ngozi iliyochubuka zinachoma. Ukiwa safarini na huna njia nyingine, beba pamba na chupa ndogo ya maji safi kwenye mkoba.

Dettol kwenye maji ya kuogea mtoto ni mazoea ya nyumba nyingi hapa mjini, na wanaofanya hivyo wanafanya kwa kujali. Acha, hasa sasa. Dawa za kuulia vijidudu haziunguzi vijidudu peke yao. Zinaunguza pia ngozi changa inayojaribu kujifunga.

Hatua ya pili: mwache wazi

Mkaushe kwa kugusa-gusa na kitambaa laini cha pamba. Kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi haina mpinzani kwa kazi hii. Usifute, gusa. Kisha usimvalishe kitu.

Tandika mpira kitandani au mkeka sakafuni, juu yake kanga mbili, mlaze kwa tumbo akiwa macho na wewe ukimwangalia, au mwache acheze. Angalau dakika 15 kila unapombadilisha, na mara moja au mbili kwa siku mpe muda mrefu zaidi, saa nzima ukiweza. Atakojoa kwenye kanga, ndiyo. Utaifua. Kanga iliyolowa inaonekana mara moja na unaibadilisha. Pampasi iliyolowa inajificha. Kwa mtoto aliyebabuka sana naona hii ndiyo sehemu ya tiba inayorukwa zaidi, kwa sababu haiuzwi dukani na inachosha. Anayeishi chumba kimoja cha kupanga na watoto wengine anaijua taabu yake. Lakini siku 2 za kufua kanga zinaokoa wiki nzima ya kilio.

Feni ni nzuri ikizunguka chumbani bila kumpiga mtoto moja kwa moja. Umeme ukikatika, fungua madirisha na mlaze ndani ya chandarua. Kikausha nywele kisiguse makalio ya mtoto, na jua kali la saa 6 mchana si tiba.

Hatua ya tatu: zinki, nene

Ngozi ikishakauka kabisa, ndipo paka. Unachotafuta famasi ni marhamu ya zinki oksidi isiyo na manukato. Nguvu zake hutofautiana, na kwa ngozi iliyobabuka ile yenye asilimia 20 hadi 40 inakaa vizuri zaidi. Ukipata ya chini ya hapo itumie, ongeza unene. Usichanganye na vidonge vya zinki vya kuharisha. Hivyo ni vya kunywa, na tutavifikia.

Kosa la wengi ni kupaka kama losheni, wakiisugua mpaka iingie. Zinki haitakiwi kuingia. Ipige kama fundi anavyopiga lipu ukuta: tabaka nene, jeupe, ambalo huoni ngozi chini yake. Kazi yake ni kusimama kati ya ngozi na choo. Juu yake ongeza mafuta ya mgando kidogo ili isigandie kwenye pampasi ikabanduka nayo.

Ukimbadilisha na ukakuta amekojoa tu, usikwangue zinki iliyobaki. Ondoa tabaka la juu lililochafuka, acha lililoshika, ongeza jingine. Kuikwangua yote kila mara kunachuna ngozi mpya iliyoanza kuota.

Kama zinki haipatikani usiku huo, mafuta ya mgando peke yake yasiyo na harufu, yakipakwa mazito, yanakufikisha asubuhi.

Hatua ya nne: badilisha kabla hajalia

Mchana kila baada ya saa 2. Akinya, papo hapo, hata kama ulimbadilisha dakika 10 zilizopita. Usiku amka angalau mara moja. Kwa siku hizi chache tumia saizi moja juu ya ile aliyozoea na usifunge kwa kubana, ili hewa ipite. Nailoni ya kuvalisha juu ya nepi ya kitambaa iache kabisa mpaka ngozi ifunge.

Najua pampasi zina gharama, na wengi tunanunua moja moja dukani kwa Mangi. Hilo ndilo linalofanya mtoto akae nayo mpaka ijae. Suluhisho la mfuko mdogo ni kuzitunza pampasi kwa usiku na safari, na mchana mtoto akae na kanga au nepi ya kitambaa bila nailoni, ikibadilishwa ikilowa.

Kama unafanya kazi na mtoto unamwacha na dada wa kazi au kwenye kituo cha kulelea watoto, usimwambie tu "umbadilishe mara kwa mara". Kaa naye, mfanye pamoja mara moja kuanzia kuosha mpaka kupaka. Mhesabie pampasi za siku hiyo, na umwambie waziwazi kwamba hutakasirika zikiisha. Dada wengi wanabana pampasi kwa kuogopa lawama ya matumizi.

Ukiona dalili za fangasi

Hapa zinki na hewa peke yake havitoshi. Nenda famasi au Duka la Dawa Muhimu uulizie krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1, yenyewe tu, bila kitu kingine ndani. Nistatini au mikonazoli pia hufanya kazi. Kwa mtoto mchanga sana, mwone mhudumu wa afya kwanza.

Mpangilio ni huu: osha, kausha, hewa, kisha krimu ya fangasi tabaka jembamba mpaka ndani ya makunjo na kupita kidogo vile vipele vya pembeni. Acha dakika chache inywe. Ndipo zinki nene juu yake. Ukitanguliza zinki, krimu ya fangasi haiifikii ngozi. Krimu ni mara 2 au 3 kwa siku kama karatasi yake inavyoelekeza. Zinki ni kila unapobadilisha. Kwa kawaida inachukua siku 7 hadi 10, na usiache siku ile ile doa linapopotea, kwa maana fangasi waliobaki watarudi.

Kama mdomoni nako kuna utando mweupe, makalio hayatapona kwa kupakwa peke yake. Fangasi wanamezwa na kutoka na choo. Mtoto anahitaji dawa ya mdomo, na mama anayenyonyesha aangaliwe chuchu zake, akisikia kuchoma au ngozi kupasuka atibiwe pamoja naye.

Tyubu ya mchanganyiko

Sasa ile tyubu. Ukifika duka la dawa ukasema "mtoto ameungua na pampasi", mara nyingi unapewa krimu moja yenye vitu vitatu ndani: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali. Inapendwa kwa sababu inafanya kazi haraka, au inaonekana hivyo. Steroidi inazima uvimbe na muwasho usiku mmoja, mama anafurahi, anamwambia na jirani.

Lakini angalia kinachotokea. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na pampasi iliyofungwa juu yake inasukuma dawa iingie mwilini kwa wingi zaidi kuliko kwenye ngozi iliyo wazi. Steroidi kali ikitumika hapo inakondesha ngozi, inaweza kuacha michirizi isiyofutika, na ikiingia mwilini ya kutosha inavuruga tezi zinazotengeneza homoni za mtoto. Wakati huo huo inawapa fangasi nafasi, kwa kuwa inashusha kinga ya ngozi, na wanarudi wakiwa wamesambaa zaidi mara tu unapoacha kupaka. Mama anaona vipele vimerudi, ananunua tyubu nyingine. Mzunguko huo nimeuona ukienda miezi.

Kwenye boksi tafuta herufi hizi: betamethasone, dexamethasone, clobetasol. Ukiziona, rudisha. Mwambie muuzaji kwa adabu kwamba unataka ya fangasi peke yake, au zinki peke yake. Una haki ya kusoma boksi kabla ya kulipa.

Steroidi nyepesi, haidrokotisoni ya asilimia 1, ina nafasi yake pale uvimbe ni mkubwa: tabaka jembamba, kwa siku chache, isizidi wiki, na kwa maelekezo ya tabibu aliyemwona mtoto. Si kitu cha kujinunulia.

Vingine vya kuweka mbali

Poda. Vumbi lake linaingia kwenye mapafu ya mtoto, na likikutana na mkojo linafanya madonge yanayokwaruza makunjo. Unga wa muhogo na wanga nao vivyo hivyo hukusanyika kwenye makunjo. Mafuta ya kuchua yenye kafuri au mentholi ni hatari kwa mtoto mchanga, yasiguse ngozi yenye kidonda kwa hali yoyote. Poda ya boriki, magadi na iodini hupenya ngozi iliyochubuka zikaingia kwenye damu. Dawa ya zambarau, ile GV, inapaka ngozi rangi kiasi kwamba huoni tena kama inapona au inaoza.

Kwa bibi anayeshauri kuogesha kwa mwarobaini, mshukuru na umweleze kwamba kwenye ngozi iliyo wazi utachoma, na hatujui ukali wa maji yaliyochemshwa kwa kukadiria. Mafuta ya nazi safi si adui. Ngozi ikishapona ni kinga nzuri ya kila siku. Kwa sasa ni mepesi mno kuzuia choo.

Nepi za kitambaa

Ondoa kinyesi, loweka, fua kwa sabuni ya kawaida, kisha suuza mpaka maji yatoke hayana utelezi, mara 3 au zaidi. Sabuni iliyobaki kwenye nepi inaunguza sawa na mkojo. Jiki na dawa za kulainisha nguo zipumzishe kwa sasa. Kama mtoto ana fangasi, chemsha nepi zake. Anika juani, na zipige pasi zikauke kabisa, hasa masika. Pasi inaua pia mayai ya nzi wanaotaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, ambao funza wao huingia kwenye ngozi.

Kama anaharisha

Hutashinda makalio ukiacha tumbo. Na usikubali kuambiwa "anaota meno tu": meno hayaharishi mtoto mara 6 kwa siku. Endelea kumnyonyesha, mpe ORS, yale maji ya kurudisha maji na chumvi mwilini, kila anapoharisha, kati ya mililita 50 na 100 kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Hapa ndipo vile vidonge vya zinki vinapoingia: miligramu 20 kwa siku kwa aliyezidi miezi 6, miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma. Juisi ya chungwa, ukwaju na embe mpumzishe navyo kwanza. Vinalegeza choo na kukifanya kichome.

Kuhusu maumivu, parasetamoli ya maji inaruhusiwa kwa mtoto aliyezidi miezi 3, na kwa aliye chini ya hapo ni kwa mhudumu wa afya tu. Kipimo kinatokana na uzito ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki, si umri: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, isizidi mara 4 kwa saa 24, na saa 6 zipite kati ya dozi. Mtoto wa kilo 8, kwa dawa yenye miligramu 120 katika mililita 5, dozi yake ya juu ni hizo mililita 5. Soma chupa yako, maana nguvu zinatofautiana. Aspirini hapana.

Siku 3 za mwanzo, na madoa yanayobaki

Mchubuko wa kawaida ukifanyiwa haya yote unaanza kutulia ndani ya siku 2 au 3. Dalili ya kwanza si rangi, ni mtoto mwenyewe: anakojoa bila kulia. Kisha majimaji yanakauka, kingo zinaanza kufifia. Endelea na zinki nene mpaka ngozi ifunge yote, halafu punguza iwe tabaka jepesi usiku.

Ngozi ikipona inaweza kubaki na madoa meupe au meusi kuliko ilivyokuwa. Akina mama wengi huyaona wakadhani ni ugonjwa mpya, wakaanza kutafuta dawa nyingine. Hayahitaji kitu. Rangi inarudi yenyewe, kwa wiki au miezi kadhaa.

Wakati wa kuacha tiba ya nyumbani

Mpeleke siku hiyo hiyo kama ana homa ya nyuzi 37.5 au zaidi kwapani, ana usaha au malengelenge, ngozi inabanduka kama iliyomwagiwa maji ya moto, kuna vidonda vinavyotoa damu, au vipele vimepanda mgongoni na tumboni. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 2 asisubiri hata kesho. Na kama hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea haamki vizuri, au amepata degedege, hilo si suala la makalio tena. Ni dharura, usiku au mchana.

Mpeleke pia, hata bila haraka hiyo, kama siku 3 za kuosha, hewa na zinki hazijabadilisha kitu, au siku 7 za krimu ya fangasi hazijaleta nafuu. Vipele vinavyotokea makalioni, kuzunguka mdomo na kwenye vidole kwa pamoja, huku nywele zikinyonyoka na mtoto akiharisha, vinaweza kuwa upungufu wa zinki mwilini. Ngozi inayobanduka kwa mtoto aliyevimba miguu ni dalili ya utapiamlo mkali. Fangasi wa mdomoni na makalioni wanaorudi kila wakitibiwa watamfanya tabibu apendekeze vipimo zaidi, kikiwemo cha VVU. Kubali kipimo hicho. Ni cha kawaida, na mtoto akigundulika mapema anaanza dawa mapema.

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wao watakupa rufaa kwenda hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala ikihitajika, lakini kwa dharura nenda moja kwa moja kwenye hospitali iliyo karibu. Kwa sera ya afya, mtoto aliye chini ya miaka 5 anatibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo ukosefu wa pesa usikufanye umfungie ndani. Mvishe kanga badala ya pampasi njiani kama unaweza. Chukua kadi ya kliniki, zile picha za kila asubuhi, na tyubu zote ulizokwisha kumpaka, hata ile uliyoazima kwa jirani, ili tabibu asome mwenyewe kilichomo kabla hajaandika nyingine.